Mshipa Ukishafunguliwa, Nguvu za Moyo Hurudi Lini?



Katika dawati letu la malalamiko hufika watu wenye risiti mkononi na swali lililo zito kuliko risiti yenyewe: "Mzee wetu alipatwa na mshtuko wa moyo. Yeye alichomwa sindano tu, ilhali jirani yetu aliwekewa stenti. Je, tulipunjwa?" Tumeona ni vema tulizungumze jambo hili leo, kwa kuwa siku ya mshtuko wenyewe hakuna nafasi ya kujifunza.

Mshtuko wa moyo mara nyingi huanza pale mafuta yaliyojijenga ndani ya mshipa unaolisha moyo yanapopasuka, damu ikaganda juu yake na kuziba njia. Msuli uliokuwa ukilishwa na mshipa huo huanza kufa, si wote kwa mara moja, bali kidogo kidogo kadiri saa zinavyopita. Kwa hiyo sindano na stenti zina lengo moja, nalo ni kufungua njia.

Sindano huyeyusha damu iliyoganda. Mwaka 1986 watafiti wa Italia walitoa matokeo ya wagonjwa zaidi ya 11,000: kati ya kila 100 wasiopewa dawa ya streptokinase, 13 walifariki ndani ya siku 21, kati ya waliopewa, walifariki chini ya 11. Waliowahi kutibiwa ndani ya saa ya kwanza walinufaika kupita wote. Hata hivyo, sindano haifungui kila mshipa. Utafiti mkubwa wa mwaka 1993 ulionyesha kwamba, dakika 90 baada ya dawa, damu ilipita sawasawa kwa takriban nusu ya waliopewa dawa mpya zaidi ya alteplase, na kwa takriban theluthi ya waliopewa streptokinase. Wale ambao damu yao ilipita sawasawa ndio ambao mioyo yao ilisukuma vizuri zaidi, dawa yoyote waliyopewa. Aidha, wagonjwa wachache huvuja damu ubongoni. Ndiyo maana daktari huuliza kwanza habari za kiharusi na vidonda vya tumbo.

Njia ya pili ni kupitisha mrija mwembamba kutoka kwenye kifundo cha mkono au kinena hadi moyoni, kupanua mshipa kwa puto na kuacha hapo stenti, ambayo ni wavu mdogo wa chuma. Puto lilitumika mara ya kwanza katika mishipa ya moyo ya mgonjwa aliye macho mwaka 1977, mjini Zurich, na Andreas Grüntzig. Likitumiwa mapema, hufungua mshipa kwa uhakika zaidi. Tafiti 23 zilipojumlishwa mwaka 2003, vifo vya mwanzo vilikuwa takriban 7 kwa kila 100 kwa puto, na 9 kwa sindano.

Lakini sharti lake ni muda. Miongozo ya madaktari wa moyo wa Ulaya husema kwamba, ikiwa puto haliwezi kufanyika ndani ya dakika 120 tangu ugonjwa utambuliwe, mgonjwa asiyezuiliwa na jambo lingine achomwe sindano kwanza, kisha apelekwe penye mtambo. Mkazi wa Songea hawezi kufika Dar es Salaam, kwenye Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, kwa muda huo. Kwake yeye sindano iliyotolewa mapema si huduma ya daraja la pili. Malalamiko yenye msingi ni yale ya mgonjwa aliyekaa benchi saa tatu bila kupimwa umeme wa moyo, kipimo ambacho miongozo hiyo inataka kifanyike ndani ya dakika 10.

Sasa tuje kwenye nguvu za moyo. Msuli ulionusurika huweza kubaki umezubaa, hai lakini haujikunji, kwa siku kadhaa au majuma. Kwa sababu hiyo kipimo cha eko cha siku ya tatu si hukumu. Kirudiwe baada ya wiki sita hadi miezi mitatu. Na hapa tunaomba msikilize sana, maana wengi huingia hofu ya bure: moyo mzima hausukumi asilimia 100 ya damu iliyomo, bali 55 hadi 70 hivi. Aliyeandikiwa 55 hajapoteza nusu ya moyo. Aliyeandikiwa 35 ana sababu ya kufuatilia kwa bidii, na wengi wa namna hiyo hupanda. Sehemu iliyokwisha kufa huwa kovu, nalo halirudi kuwa msuli, hata mshipa uwe wazi kiasi gani.

Hapo ndipo wauzaji wa chupa za "kuzibua mishipa" hupata wateja. Aliyewekewa stenti kwa kawaida hupewa aspirini pamoja na dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda kwa takriban mwaka mzima. Akiziacha kwa ajili ya chupa hiyo, stenti yaweza kuziba ghafla. Anayewauzia aulizwe usajili wa dawa yake, na jibu lake mtuletee pamoja na risiti.

Mnapotoka hospitali, dai karatasi yenye saa maumivu yalipoanza, saa ya sindano au puto, aina ya stenti, na tarakimu ya eko. Daktari wa wiki ya sita ataihitaji.