Gari la Marehemu Baba



Nimeombwa nieleze habari za gari lililoegeshwa pale nje. Ni Land Rover 109 ya mwaka 1974, mali ya marehemu baba, lililobeba mpunga wa Kagongwa hadi likachoka. Mafundi walilifufua. Waliitoa injini ya petroli ya lita 2.25, wakatia ya dizeli ya Isuzu, lita 3.9. Likapata nguvu kweli kweli! Mimi, msomi mzima wa Chuo Kikuu, sikuuliza habari za breki. Zilibaki zile zile za zamani. Nikitoka Dodoma, katika mteremko wa Sekenke, zilipata moto, pedali ikazama. Gia ndogo na mchanga wa kando ndivyo vilivyotuokoa. Mama alikuwa ameketi nyuma. Mpaka leo hapandi.