Lori Hujulikana Mlimani

Anayesafiri kati ya Singida na Nzega anaujua mlima wa Sekenke, wilayani Iramba. Lori lililokuwa likiteleza kwenye tambarare huanza kuhema hapo. Likizimika, fundi mwenye akili haulizi lilikwendaje kwenye tambarare. Huuliza: lilibeba nini, na limezimikia wapi?

Swali hilo hilo nawaletea wenye ruta majumbani, yaani kile kisanduku chenye taa kinachogawa intaneti kwa simu na kompyuta za nyumba nzima. Malalamiko ninayoyasikia yanafanana. Asubuhi mtu akiwa peke yake, mambo ni shwari. Jioni watoto wakifungua video, mama akizungumza na shangazi kwa picha, baba akipakua faili kubwa, kisanduku kinazimika. Ugomvi unaanza. Mtoto anagombezwa, kampuni inatukanwa, na fedha iliyowekwa kwa ada ya shule inanunua ruta nyingine.

Mimi nasema, kabla ya kulaumu tutazame taa. Zikizimika zote kisha zikawaka upya, mshukiwa wa kwanza ni adapta. Adapta iliyochoka huimudu ruta iliyopumzika, lakini kazi ikizidi volti hushuka na ruta hujiwasha upya. Azima adapta nyingine yenye volti zile zile na ampea zisizopungua.

Taa zikiendelea kuwaka lakini hakuna kinachopita, iguse ruta. Ikiwa ya moto, iondolee kitambaa cha mapambo, uiweke penye hewa. Ikiwa ya baridi, huenda kumbukumbu yake imejaa. Kila mawasiliano yanayofunguliwa huandikwa humo, na programu moja ya kugawana mafaili yaweza kufungua mamia. Zima kifaa kimoja kimoja mpaka umpate mlaji. Ukimkosa, tafuta kwa mtengenezaji toleo jipya la programu inayoendesha ruta yenyewe.

Lakini badilisha kitu kimoja tu kwa wakati, kisha urudishe mzigo ule ule wa jioni. Ukibadilisha vitatu kwa mpigo, hata ikipona hutajua dawa ilikuwa ipi.

Tena tusisahau kuwa kosa laweza kuwa nje ya nyumba. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilipata hitilafu chini ya bahari, na intaneti ikayumba Tanzania na kwa majirani. Siku ile ungezima na kuwasha ruta mara mia, usingepata kitu. Kwa hiyo muulize jirani kwanza: kwako inapita?

Ndugu msikilizaji, mtoto aliyefungua video hana kosa. Yeye ni kama mlima wa Sekenke: hakuleta ubovu, ameuonyesha tu. Tusimchape mlima, tulitengeneze lori.