Vumbi la Jangwa na Bakteria Wake
Bodélé nchini Chad palikuwa sehemu ya ziwa kubwa. Leo ni jangwa. Upepo ukipenya kati ya milima ya Tibesti na Ennedi hutimua vumbi linaloweza kuvuka Atlantiki hadi visiwa vya Karibi. Bakteria husafiri nalo, wamenata kwenye punje. Jua huwaua wengi, lakini jamii ya Bacillus hujifungia katika ganda gumu, wakafika wazima. Wengi hawatudhuru. Vumbi lenyewe ndilo hukwaruza pua na koo, na huenda ndiyo maana toka Senegali hadi Ethiopia homa ya uti wa mgongo huzidi kiangazi. Vijidudu vya homa hiyo, hata hivyo, huambukizwa kwa mate, mtu kwa mtu. Unasafiri huko? Pata chanjo kwanza, na vumbi likitimka, funika pua na mdomo.