Giza la mwezi na giza la msalaba

Somo letu liko Yeremia 10:2, pale Mungu anapowakataza watu wake kuogopa ishara za mbinguni kama mataifa wanavyoziogopa. Tumelichagua kwa sababu maneno ya kupatwa kwa jua yameanza tena kuzunguka kwenye simu, na tayari kuna wamama waliotuuliza kama walime au waache.

Tukumbuke siku ya Mungu, tarehe 3 Novemba 2013. Saa kumi na nusu hivi, jua lilimegwa juu yetu. Halikufichwa lote, maana kivuli cha mwezi kilipita kaskazini yetu: kilitoka Gabon, kikavuka Kongo, kikaingia Uganda, kikaenda Kenya. Pakwach, kwenye mto Nili, watu walikusanyika kwa maelfu, hata Rais Museveni alikuwepo. Giza kamili lilidumu sekunde kama 20. Wahubiri wengine hawajamaliza hata kusalimia! Kule Kenya wageni walipiga hema katika mbuga ya Sibiloi, kandokando ya ziwa Turkana. Walijua siku, saa na dakika. Lakini vumbi na mawingu vilifunika anga, wakarudi bila kuona walichokifuata.

Sisi tukisikia mtu amelipa pesa ili alale ndani ya hema, tunacheka kidogo. Kwetu hema ni shitingi, na shitingi ni vita. Mwezi wa nne 2009 Luofu iliungua, nyumba kwa mamia, na watoto wakafa ndani ya moto. Mbuga ya Virunga haiko mbali, lakini nani kati yetu anakwenda kulala humo kwa furaha? Kwa hiyo mtu anayesema "giza linakuja, kimbieni" anatia kidole ndani ya kidonda. Na mhubiri anayeomba sadaka au mbuzi ili giza lipite, huyo anakula hofu ya wafiwa. Tunalisema bila kuzunguka.

Mtu atauliza: na giza la Kalvari je? Swali zuri. Luka 23 inatuambia lilianza saa sita likafika saa tisa. Sasa, jua hupatwa mwezi unapopita kati yake na sisi, na hilo hutokea tu siku zile ambazo usiku mwezi hauonekani kabisa. Pasaka ya Wayahudi huangukia mwezi mpevu, siku ya kumi na nne. Siku ile mwezi ulikuwa upande mwingine wa dunia. Tena kupatwa kamili hakufikishi dakika 8 mahali pamoja. Kalvari ilikuwa saa tatu nzima. Giza lile lilikuwa tendo la Mungu, la peke yake. Tusilichanganye na jambo ambalo watu wa hesabu hulitaja miaka mingi kabla. Yeremia huyohuyo, 31:35, anaonyesha Mungu akiweka utaratibu wa jua na mwezi kuwa rehani ya agano lake. Mwezi ukifika kwa dakika yake, hapo rehani haijavunjwa.

Cha kuogopa ni kwa ajili ya macho. Jua likibaki hata kama ukucha, linaunguza ndani ya jicho bila maumivu. Picha za mifupa za hospitali, kioo cha moshi, miwani ya kawaida, beseni la maji: msitumie. Tobolea karatasi ngumu kwa sindano, lipe jua mgongo, mwanga upite kwenye tundu uangukie karatasi nyingine. Au simameni chini ya mti wa avoka: mwanga unaopita kati ya majani utachora vijua vilivyomegwa chini. Watoto watafurahi.

Tarehe 2 Agosti 2027, siku ya kwanza ya juma, jua litafichwa kabisa Luxor, Misri, kwa zaidi ya dakika 6. Wengi watakwenda kule kulitazama, na hofu itafika huku kwa simu. Tunaomba wazee wa makanisa waitangaze tarehe hiyo sasa, kabla manabii wa WhatsApp hawajaitangaza. Na wamama waliotuuliza: limeni.