Mahubiri ya Jumapili, beji ya Jumatatu

Juni 2019, katika Kaunti ya Knox, jimbo la Tennessee, Marekani, video ya mahubiri ilizua zogo. Mchungaji Grayson Fritts aliitaka serikali iwakamate na kuwaua watu wa mapenzi ya jinsia moja. Jumatatu mchungaji huyo alikuwa mpelelezi katika ofisi ya sherifu.

Waliomtetea walishika Katiba: uhuru wa dini, uhuru wa kusema. Ni kweli, na hakufungwa. Lakini tangu 1968 Mahakama ya Juu ya Marekani inapima kauli ya mtumishi wa umma dhidi ya madhara yake kwa kazi. Hapa madhara yalionekana upesi: mwendesha mashtaka, Charme Allen, alitangaza kuzipitia kesi ambamo Fritts alikuwa shahidi. Fritts mwenyewe aliondoka kwa mpango wa kupunguza wafanyakazi kwa hiari, tena na malipo yake. Huo si uwajibikaji.

Fritts alikuwa mpelelezi. Kwa kasisi wa polisi, yaani kiongozi wa dini anayehudumu pamoja na askari, mizani hiyo ni nyeti zaidi. Kwa kawaida hana bunduki, sawa. Lakini mara nyingi ndiye anayebisha hodi usiku, askari kando yake, kumwambia mama kuwa mwanawe ameuawa. Mama hakumchagua. Je, kama marehemu ni miongoni mwa wale aliowatakia kifo kanisani?

Imani yake abaki nayo. Anayewatakia raia kifo hadharani avuliwe sare, kwa kanuni iliyoandikwa kabla video haijasambaa, na asikilizwe kwanza. Kumlipa aondoke kimyakimya ni kumlinda.