Kwa Nini Madawa ya Kulevya Hayaishi?

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia)



Mama mmoja wa kikundi alituuliza: "Kila siku redioni tunasikia unga umeshikwa, wakubwa wamefungwa. Mbona kete bado zauzwa pale stendi, na kijana wangu amemaliza sufuria zangu kwa kuziuza?" Swali hilo ni zito. Tulitazame pamoja.

Kwanza, mkulima. Heroini, ile tunayoita unga, hutokana na afyuni, na kwa miaka mingi Afghanistan ndiyo iliyolima afyuni nyingi kuliko nchi zote. Mkulima wa kule si jambazi. Sisi twajua: nyanya zikiiva na barabara ni mbovu, zinaoza. Afyuni kavu haiozi upesi. Mnunuzi huja hadi nyumbani, tena hukopesha pesa kabla ya mavuno. Mwaka 2022 Taliban walipiga marufuku, na 2023 mashamba yalishuka kutoka hekta 233,000 hadi 10,800. Si kazi ndogo! Lakini wakulima walibaki bila kipato, na mwaka huo huo Myanmar ikashika nafasi ya kwanza. Mnamjua fuko: ukiziba shimo hapa, udongo unainuka kule.

Pili, wakubwa. Pablo Escobar wa Kolombia aliuawa Desemba 1993. Biashara ya kokeini ikashikwa na kundi la Cali. Viongozi wa Cali wakakamatwa 1995, vikundi vingine vikachukua nafasi. Mwaka 2013 nchi hiyo ilikuwa na hekta 48,000 hivi za koka. 2023 zilifika 253,000.

Tatu, njia. Aprili 2014 manowari ya Australia ilikamata kilo 1,032 za heroini ndani ya jahazi, nje ya pwani yetu. Baktash na Ibrahim Akasha wa Mombasa walipelekwa Marekani Januari 2017, wakahukumiwa miaka 25 na 23. Vyema. Lakini bahari ni pana, na faida ya mzigo unaopita hufidia ule uliokamatwa, na hongo juu yake.

Je, tuache kukamata? Hapana. Lakini maadamu mnunuzi yupo, muuzaji hakosekani.

Hapo ndipo kazi yetu ilipo. Kijana mwenye arosto ni mgonjwa. Tukimpiga na kumfukuza, atarudi kwa yule wa kete, kwa sababu ndiye peke yake anayemfungulia mlango. Hata sisi tulikosea. Tulizoea kuhubiri "acha unga," wala hatukuuliza akishaacha atakula nini.

Kliniki za methadoni za Malindi na Mombasa zilianza 2015. Mgonjwa hunywa dawa kila siku mbele ya mhudumu, nayo hutuliza arosto. Kinachowashinda wengi ni nauli na aibu. Serikali haiwezi kumwondolea mtu aibu ya kijijini kwao, sisi twaweza. Kwa hivyo tunaomba kila kikundi kimsindikize mgonjwa mmoja, kimchangie nauli, na akipata nafuu kimpe kazi: kuku, shamba, au nafasi kwenye tanuri la matofali.

Tulipomjibu mama yule hivyo, akauliza tena: "Sasa nauli ya juma la kwanza iko wapi?" Tukachanga pale pale.