Milango ya Meli Isiyopitisha Maji

Leo nataka kuwaelezeni habari za milango. Si milango ya nyumba zetu, bali milango ya chuma iliyomo ndani ya meli, jinsi inavyofungwa kwa makomeo, na jinsi inavyofunguliwa wakati wa hatari.

Najua kwamba mtu wa Singida aweza kuuliza, "Habari hizi zatuhusu nini sisi? Bahari i mbali, na maziwa yetu ya Singida na Kindai ni ya maji ya chumvi, hayana meli." Maneno hayo yana haki yake. Lakini watu wa Iramba huvua samaki kwa mitumbwi katika Ziwa Kitangiri, na wengi wetu husafiri hata Mwanza na Kigoma, na huko safari huendelea majini. Tena vipande vya meli iliyo mashuhuri kuliko zote za Ziwa Tanganyika vilipita katika nchi yetu wenyewe. Meli hiyo iliundwa Papenburg, katika Ujerumani, mwaka 1913, kisha ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika masanduku, ikaletwa Dar es Salaam, na kutoka hapo ikachukuliwa kwa reli kupita Manyoni na Tabora kuelekea Kigoma. Huko ikaungwa tena, ikashushwa majini mwaka 1915, jina lake Graf von Goetzen. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha, wasije adui zao wakaitwaa. Mwaka 1924 Waingereza waliiinua, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba. Basi habari za meli si ngeni kabisa kwetu.

Yapasa kwanza tukumbuke kwa nini chuma huelea. Msumari ukitupwa majini huzama, lakini sufuria tupu huelea, kwa kuwa sufuria pamoja na hewa iliyomo ni nyepesi kuliko maji yawezayo kujaa mahali pale. Meli ni kama sufuria kubwa. Maji yakishika mahali pa hewa, itazama kama msumari.

Mtumbwi wa Kitangiri ni chumba kimoja tangu omo hata tezi. Ukitoboka mahali pamoja, maji huenea mote. Lakini mkulima mwenye busara hatii mtama wake wote katika kihenge kimoja. Huutia katika vihenge viwili vitatu, ili wadudu wakiingia katika kimoja, vingine visalie. Ndivyo wafanyavyo waundaji wa meli. Huigawa kwa viambaza vya chuma, vikaifanya kuwa vyumba vingi, kila kimoja peke yake. Chumba kimoja kikitoboka, maji hujaa humo, yakakomea kwenye kiambaza, na meli huendelea kuelea kwa hewa ya vyumba vilivyosalia.

Lakini mabaharia hawana budi kupita toka chumba hata chumba, kuangalia mitambo na kufanya kazi zao. Kwa hiyo lazima viambaza vikatwe milango. Na hapo ndipo shida inapoanza, maana kila mlango ni tundu lililotobolewa kwa makusudi katika kiambaza kilichowekwa ili kisiwe na tundu.

Mlango wa kawaida ni ule wa bawaba. Ni bamba la chuma, na chini yake mna kizingiti kirefu, hata mtu hulazimika kuinua mguu apate kupita. Kandokando ya mlango, pande zote nne, mna utepe mnene wa mpira. Kuurudisha mlango tu hakutoshi. Lazima mpira ule ubanwe sana juu ya chuma cha miimo, pasibaki nafasi hata ya unywele. Kazi hiyo hufanywa na makomeo, aghalabu sita au nane, yaliyopangwa kuuzunguka mlango. Kila komeo ni mkono mfupi wa chuma. Ukizungushwa hupanda juu ya kabari, na kwa kupanda huko huusukuma mlango ukaubana mpira. Katika milango mingine makomeo yote yameunganishwa kwa vyuma na gurudumu moja lililo katikati. Baharia akilizungusha, yote hujifunga pamoja, wala hapotezi wakati.

Tena kufunga na kufungua kuna taratibu yake. Afungaye huanza na komeo lililo upande usio na bawaba, ili mlango ushikwe usirudi. Kisha huyakaza mengine kwa usawa. Afunguaye huanza na makomeo yaliyo karibu na bawaba. Kwa nini? Kwa sababu labda ng'ambo ya mlango mna maji. Fikirini mlango wenye upana wa sentimeta 75 na urefu wa sentimeta 160. Maji yakijaa upande mmoja hata kufikia juu yake, huusukuma kwa nguvu iliyo karibu sawa na uzito wa tani 1. Akilegeza kwanza upande wa bawaba, maji yatachuruzika na kumwonya, hali mlango ungali umeshikwa. Akianza upande wa pili, mlango waweza kumrukia kwa nguvu ile yote.

Sasa angalieni tofauti kubwa iliyopo kati ya mlango huu na mlango wa tembe. Wazee wetu walipojenga tembe, watu na ng'ombe waliingia jioni, na mlango ukafungwa kwa gogo upande wa ndani, kwa sababu adui, akiwa fisi au mwivi, yuko nje. Mlango wa meli hauna ndani wala nje. Maji yaweza kutoka upande wo wote, na mtu aweza kuwa upande wo wote. Kwa hiyo kila komeo lina ekseli iliyopenya hata ng'ambo, na mkono wa kushikia huku na huku. Mtu aliye upande huu aweza kufungua, na aliye upande ule aweza kufungua vile vile. Na katika njia za kutokea abiria, kanuni hazikubali mlango unaohitaji ufunguo kwa mtu akimbiaye hatari. Komeo la meli ni la kuzuia maji. Haliwekwi kumzuia mtu.

Katika meli kubwa za abiria mna milango ya namna nyingine, isiyo na bawaba, ambayo huteleza katika mifuo kwa nguvu za umeme, au za mafuta yanayosukumwa katika mirija. Nahodha aweza kuifunga yote pamoja akiwa katika chumba cha usukani. Kanuni za mataifa za usalama baharini zaagiza kwamba ifungike yote kwa muda usiozidi sekunde 60, meli ikiwa wima. Kabla mlango haujaanza kwenda, king'ora hulia hapo hapo kwa sekunde 5 au zaidi, watu wajihadhari. Mbele ya nahodha mna taa: nyekundu yaonyesha kwamba mlango u wazi, na ya kijani kwamba umefungwa sawasawa.

Je, mtu akisalia ng'ambo ya mlango uliofungwa na nahodha? Hilo nalo limefikiriwa. Pande zote mbili za mlango mna mkono wa kuufungulia. Mtu akiushika, mlango humfungukia. Akiisha kupita na kuuachilia, mlango hujifunga tena wenyewe. Na kama umeme umekufa, mna pampu ya mkono, huku na huku, na nyingine juu ya sitaha, ambayo kwayo mlango huweza kufungwa kwa muda wa sekunde 90. Lakini mlango huu una nguvu nyingi wala hauna huruma. Mabaharia wamevunjwa mifupa, na wengine wamekufa, kwa kujaribu kupenya unapofunga.

Haya yote watu walijifunza kwa hasara. Meli Titanic, iliyozama usiku wa kuamkia tarehe 15 Aprili 1912, ilikuwa na vyumba 16, na milango ya chini ambayo nahodha aliweza kuiangusha kwa kubonyeza swichi. Ilipogonga barafu milango ilifungwa, na baadhi ya wachochea moto waliruka kupita chini yake ilipokuwa ikishuka. Waliofungiwa walikuwa na ngazi za kupandia juu. Milango ilifanya kazi yake; ila viambaza havikupanda juu vya kutosha. Meli ile ingeweza kuelea vyumba 4 vya mbele vikijaa, lakini vilivyopasuka vilizidi hivyo. Omo likainama, maji yakapita juu ya kiambaza kimoja hata kingine, na watu wapata 1,500 wakafa. Kwa ajili ya msiba huo mataifa yalikutana London, na mwaka 1914 yakaandika mapatano yao ya kwanza juu ya usalama wa watu baharini.

Msiba wa pili ulikuwa wa namna nyingine. Tarehe 6 Machi 1987 meli Herald of Free Enterprise, ichukuayo magari, iliondoka bandari ya Zeebrugge, katika Ubelgiji, na milango yake mikubwa ya omoni ilikuwa wazi. Aliyepasiwa kuifunga alikuwa amelala, na nahodha hakuwa na taa ya kumjulisha. Maji yaliingia katika sitaha ya magari, meli ikaanguka ubavuni kwa muda mfupi sana, na watu 193 wakafa. Milango ile haikuwa mibovu. Ubovu ulikuwa kwamba kila mtu alidhani mwenzake ameifunga.

Na hapa kwetu je? Tarehe 21 Mei 1996 meli Bukoba ilipinduka ikiwa karibu kufika Mwanza, na mamia ya watu walikufa. Haikupinduka kwa sababu ya milango. Ilikuwa imejaa kupita kiasi, na uthabiti wake majini ulikuwa na kasoro. Lakini baada ya kupinduka haikuzama mara moja. Ilielea tumbo juu, kwa kuwa hewa ilikuwa imenaswa ndani, na watu walikuwamo wangali hai. Waliokuja kuwaokoa wakatoboa bamba la chuma ili wawatoe. Hewa ikatoka kwa nguvu katika tundu lile, maji yakapanda mahali pake, na meli ikazama. Mtoto ye yote aliyekwenda kisimani aweza kulijaribu jambo hili. Akipindua kibuyu kilichokatwa na kukididimiza majini, hewa hubaki ndani. Akikitoboa juu kidogo tu, maji hukijaza. Wale waliotoboa walikuwa na moyo mwema, lakini kuwafungulia watu njia na kuifungulia hewa njia ni mambo mawili mbalimbali.

Tena tarehe 20 Septemba 2018 kivuko Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, na watu zaidi ya 220 wakafa. Siku mbili baadaye fundi mmoja wa mitambo alitolewa hai, kwa kuwa alipata nafasi yenye hewa karibu na chumba cha injini. Hewa iliyofungiwa ndiyo iliyomwokoa.

Basi, ninyi mnaosafiri, kumbukeni mambo machache. Mkiingia melini, tazameni kwanza njia za kutokea ziko wapi, na milango yake hufunguliwa namna gani, kabla ya kutafuta mahali pa kulala. Msiweke magunia ya vitunguu, wala matenga ya kuku, wala madumu ya asali mlangoni au juu ya kizingiti. Mzigo mmoja watosha kuuzuia mlango usifunge, na chumba chote kikapotea. Msiutie mlango kabari ili upepo uingie, ijapokuwa joto ni kali. Mkisikia king'ora cha mlango, ngojeni, msikimbilie kupita. Mkiona njia ya kutokea imetiwa kufuli, mwambieni baharia kwa heshima, naye asipowasikia, mwambieni mkubwa wake. Na chombo kikiwa kimejaa kupita kiasi, shukeni, mngoje kingine. Hapana mlango duniani uwezao kukishika chombo kilichozidiwa na mzigo.

Watu wa zamani walisema, "Tahadhari kabla ya hatari." Mlango wa meli ni neno hilo hilo lililofanywa kwa chuma na mpira, lakini chuma hakijui saa ya hatari, wala mpira haujui nani amesalia nyuma. Hayo yote yangojea mkono wa mtu aliyefundishwa, ajuaye kuufunga kwa wakati wake na kuufungua kwa wakati wake.

Kwa herini, Mabibi na Mabwana. Safari njema kwa wote watakaosafiri.